Kusoma matangazo ya biashara kwenye kipindi cha Kiingereza: mnaanzia wapi?

Mwl_Kihonda

Habari za kazi, walimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, shule ya kutwa, Morogoro mjini. Darasa limejaa, na Kiingereza cha wengi bado kinachechemea.

Wavulana wa viti vya nyuma wanapitishiana mikeka ya kubeti mechi chini ya dawati. Nauli ya daladala inaishia huko, jioni wanarudi kwa miguu. Wasichana kadhaa wamebadilika rangi usoni, vidole vimebaki vyeusi: mkorogo wa kujichubua. Ukiwauliza, wote wanakujibu kwa sentensi ambazo si zao. Za wavulana nimezisikia redioni na kuzisoma kwenye mabango ya stendi ya Msamvu. Za wasichana zinatoka kwenye kurasa za wauza vipodozi Instagram, neno kwa neno. Hapo nikaona hili ni somo langu, halimhusu mwalimu wa nidhamu peke yake. Watoto wamemeza maandishi bila kuyasoma.

Kuhubiri sitaki. Paredi wanahubiriwa kila wiki na mikeka ipo palepale. Halafu wazazi wao wengi wanaishi kwa biashara: mama ana meza ya vipodozi sokoni, baba ni wakala wa pesa za simu. Nikisimama kusema biashara ni uovu, nimewatukania nyumbani kwao. Na mtoto kutamani viatu vizuri si dhambi.

Nataka wajue kulihoji tangazo: nani anasema, anamlenga nani, amenyamazia nini. Nianzie wapi kwa Kiingereza hiki walichonacho?

Bi_Somo_Tanga

Mwalimu, hongera kwa kuliona. Anza na vitu vya kushika. Waambie walete pakiti tupu za nyumbani: sabuni, majani ya chai, biskuti, dawa ya mbu. Kila kundi pakiti moja. Wapigie mstari vitenzi vyote, waone vingapi ni vya kuamrisha. Kisha watafute sentensi isiyo na mtenda. "Imethibitishwa kitaalamu": na nani? Wapi? Lini? Passive voice unaifundisha hata hivyo, na mifano ya kitabuni ya panya aliyeliwa na paka haimwamshi mtu. Hapa mtoto anaona kwa nini mwandishi amemficha mtenda.

Wabishane kwa Kiswahili, waandike kwa Kiingereza. Mthibiti ubora akiingia, mwonyeshe madaftari. Ukiwazuia Kiswahili kwenye mjadala, watakaofikiri darasani ni wale watano waliosoma English medium.

Ukitaka mfumo, Peter Freebody na Allan Luke wa Australia waliueleza mwaka 1990: msomaji hutambua maandishi, huelewa maana, huyatumia kwenye shughuli zake, na huyachambua kwa sababu hakuna andiko lisiloegemea upande. Mitihani yetu inamfikisha hatua ya pili, mara chache ya tatu. Hiyo ya nne ndiyo unayoitafuta.

Ila mkorogo usiutangulize. Wale wasichana watageuziwa macho na darasa zima, na hutawapata tena.

Mwl_wa_Shy

Mimi niko Shinyanga, natumia almasi. Mgodi wa Mwadui ulianzishwa na John Williamson mwaka 1940, wanafunzi wangu wana babu waliofanya kazi mle. Kwao almasi ni ajira, vumbi, malipo ya uzeeni. Mwaka 1947 Frances Gerety, mwandishi wa matangazo wa wakala N. W. Ayer kule Marekani, aliiandikia kampuni ya almasi ya De Beers maneno manne: A Diamond Is Forever. Mwaka huohuo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth almasi ya waridi kutoka Mwadui, zawadi ya harusi.

Nayaandika ubaoni hayo maneno manne, nauliza: bei iko wapi? Muuzaji yuko wapi? Mchimbaji je? Kiingereza chake mtoto wa kidato cha kwanza anakisoma, kwa hiyo lugha haiwi kikwazo. Wanagundua wenyewe kwamba kauli ile haitaji kununua hata kidogo. Inazungumzia ndoa, na pete inaingia humo kimyakimya. Mwaka jana msichana mmoja aliuliza kama jiwe ni la milele, nani atakubali kuuza la kwake, na likiuzwa litapata bei gani. Sikuongeza neno.

Hesabu_Dom

Naheshimu lugha, lakini mkeka utaushinda kwa hesabu. Chukua mechi tano, kila moja odi 1.60, yaani ukishinda dau lako linazidishwa kwa 1.60. Zizidishe: 10.49 hivi. Buku moja (shilingi elfu) inaahidi kama 10,490, na ndiyo namba inayong'aa. Sasa geuza. Odi 1.60 maana yake nafasi ya kushinda isiyozidi asilimia 62.5 (moja gawanya kwa 1.60). Zidisha mara tano, unapata kama asilimia 9.5. Yaani mikeka kumi ya namna hiyo, tisa inachanika, na hapo bado hujatoa faida ya kampuni iliyofichwa ndani ya odi. Mwombe mwalimu wa hesabu mshike kipindi pamoja.

Mwl_Kihonda

@Hesabu_Dom nitamwomba. Ila vijana wangu wengine hesabu hiyo wanaijua na bado wanaweka. Tangazo halijawaambia lolote kuhusu asilimia, limewaonyesha kijana wa rika lao, wa mtaa kama wao, akipokea hundi kubwa ya karatasi. Nataka waulize wale tisa wako wapi kwenye picha. Waandike aya fupi ya Kiingereza, kila mmoja akiwa mmoja wa hao tisa.

Mwalimu_Kisumu

Hujambo mwalimu. Huku Kenya tangazo huja kama functional writing (uandishi wa kikazi) kwenye Paper One ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa hivyo tunawazoesha kuliandika. Jihadhari na hilo. Nimeona wanafunzi wakitunga matangazo matamu sana, darasa linapiga makofi, kipindi kinaisha, na hakuna aliyehoji chochote. Sasa nawapa bidhaa moja waiuzie watu watatu: mama mboga, mwanafunzi wa bweni, mzee aliyestaafu. Wakimaliza, kila kundi linaandika sentensi moja ya kweli ambayo lililazimika kuiacha ili bidhaa iuzike. Huwa wanang'ang'ana na sentensi hiyo kuliko tangazo zima.

Mwl_Kihonda

Hiyo sentensi iliyoachwa naichukua. Na @Bi_Somo_Tanga nimekuelewa kuhusu wasichana. Nitaanza na pakiti, kisha almasi, kisha mkeka tukiwa na mwalimu wa hesabu. Vipodozi vitakuja baadaye kama kusoma lebo tu: orodha ya viambato, wajue zebaki na hydroquinone, kemikali za kuchubua ngozi, zikoje kwa maandishi, kwa nini zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na maana yake lebo ikikosa orodha kabisa. Bila kumtazama mtu. Swali langu la mwisho: mnasahihishaje? Sitaki waandike ninachopenda kusikia.

Bi_Somo_Tanga

Usitoe alama kwa msimamo. Toa kwa ushahidi: neno gani kwenye tangazo, linafanya nini. Mwanafunzi akihitimisha kwamba sabuni ile ni nzuri na ataendelea kuinunua, na amekuonyesha maneno aliyoyapima, mpe alama zote.