Uingereza: jaji awaelekezeje juri (raia wanaoamua kama mtu ana hatia) kuhusu kukosa uaminifu kwenye kesi ya ulaghai?

Mleta uzi: Wakuu, salaam. Swali la darasani, sheria ya Uingereza: mfanyakazi kadai paundi 3,000 kwa risiti feki za nauli. Utetezi wake: "Ofisini wote tunafanya hivyo, sikuona kosa." Nimeandika mwongozo wa jaji kwa kufuata kesi ya Ghosh, mwalimu kapiga mstari mwekundu. Tatizo liko wapi?

Jibu 1: Mkuu, umetumia sheria iliyokwisha. Ghosh (1982) iliwataka juri waulize pia kama mshtakiwa mwenyewe alitambua kwamba watu waaminifu wangeona kitendo chake ni hila. Matokeo yake, kadiri maadili ya mtu yalivyooza ndivyo alivyokuwa na upenyo wa kuchomoka. Kesi ya Ivey (2017), Mahakama ya Juu, ililikataa swali hilo. Ila ile ilikuwa kesi ya madai, mcheza karata akidai kasino paundi milioni 7.7, kwa hiyo mawakili waliendelea kubishana hadi Mahakama ya Rufaa ilipofunga mjadala kwenye kesi ya jinai ya Barton na Booth, 2020.

Jibu 2: Andika hivi:
"Kwanza, amueni mshtakiwa alijua nini na aliamini nini kwa dhati. Kisha, kwa hali hiyo, je, mna hakika kwamba watu wa kawaida waaminifu wangesema alikosa uaminifu? Kama hamna hakika, hana hatia."

Imani si lazima iwe ya busara. Upuuzi wake ni ushahidi tu wa kupima kama kweli aliamini. Na usichanganye: uongo wa risiti, kujua kwamba ni uongo, na nia ya kupata faida ni maswali mengine, kila moja kivyake.

Mleta uzi: Kwa hiyo "wote tunafanya" haina maana tena?

Jibu 2: Inategemea. Akimaanisha bosi alijua na aliruhusu, hiyo ni imani kuhusu ukweli wa mambo, inaingia hatua ya kwanza. Akimaanisha "kwangu mimi si dhambi", haimsaidii.

Jibu 3: Nyongeza: jaji asiwajibie juri. Hukumu za Hayes na Palombo, wale wa benki walioshtakiwa kuchezea viwango vya riba, zilifutwa Julai 2025 kwa sababu majaji waligeuza suala la ukweli kuwa la sheria. Halafu kama utetezi ni "si mimi niliyepeleka risiti", mwongozo huu wote hauhitajiki.