"Hakuna Mtanzania aliyeathirika": wahariri wetu, hii kauli itawatoka lini?

Wakuu, salaam. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa ubovu wa TV zetu, hili ni jingine.

Jana saa mbili usiku nipo kwa mama ntilie hapa Nkuhungu, Dodoma, ugali wa uwele na mlenda mezani, TV iko juu ya friji, taarifa ya habari. Boti imezama Kongo, makumi wamekufa. Mtangazaji akasoma sentensi mbili, ya tatu ikawa ile ile: "Hadi sasa hakuna taarifa ya Mtanzania aliyeathirika." Basi, tukarudi kwenye mlenda kama vile tumeambiwa hakuna aliyekufa. Hata mimi, ambaye mjomba wangu ni mmoja wa wale 281 waliokufa kwenye ajali ya treni ya Msagali, Juni 2002! Nimelala nimekereka, nimeamka nimekereka.

Kumtafuta Mtanzania kwanza si kosa. Mwenye ndugu kule anataka kujua. Ila kwa wahariri wetu hapo ndipo habari inapofia. Mnaikumbuka Beni, mashariki mwa Kongo? Watu wanachinjwa kule tangu 2014, kwetu ni ya kusikia kwa mbali. Desemba 2017 wanajeshi wetu wa kulinda amani wakauawa Semuliki, huko huko Beni, ghafla kila kijiwe kinaijua Kivu Kaskazini. Tukazika vijana wetu, na Beni tukaizika humo humo.

Njia nyingine ya kupata dakika tano ni Mzungu awe amelia. Juni 2023 kile chombo cha Titan kilipotea na watu 5 waliokwenda kutazama mabaki ya Titanic. Redio za hapa zinahesabu saa za oksijeni utadhani ni wasafiri wa Kibaigwa! Siku nne tu kabla, boti ya wahamiaji ilizama jirani na Pylos, Ugiriki, mamia ndani yake, Wapakistani, Wasiria, Wamisri. Waliopona 104. Nani humu anaikumbuka? Na wenzetu wa Ulaya siwalaumu sana, wanalilia kwao. Sisi tunalilia kwao pia.

Mtaniambia ni kanuni ya ukaribu, kwamba habari ya karibu ndiyo yenye uzito, ndivyo mlivyofundishwa chuoni. Ukaribu upi? Malawi tunachangia nayo ziwa. Machi 2023 kimbunga Freddy kinaua mamia kule, Blantyre maporomoko yanafukia nyumba na watu wake, mimi nina mpangaji mwenzangu wa huko huko, anasoma UDOM. Simu za kwao hazipatikani. Hana TV, akaja kwangu, akakaa kwenye ncha ya kochi kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Tukaangalia ziara. Tukaangalia uzinduzi. Mheshimiwa kakata utepe, kapigiwa ngoma. Ndipo Malawi: picha moja ya tope, sekunde kama ishirini, na ile kauli. Kisha Simba na Yanga. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Kaka, imeisha?" Nikajifanya natafuta rimoti.

Na msiniletee ya bajeti. Kumpakia mwandishi kwenye msafara wa ziara hela ipo. Goma na Bukavu, kule Kongo, wanaongea Kiswahili, mtu yuko WhatsApp, unampigia anakueleza alichokiona kwa macho yake, hata mkalimani huhitaji. Lakini habari ya Goma mpaka ipitie Bonn kwa Wajerumani wa redio DW ndipo itufikie Dodoma, na sisi tunaidaka tunairusha tunaona tumefanya kazi.

Yule kijana alikuja kunigongea siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri. Mama yake kapatikana, yuko kwenye darasa la shule na wenzake, nyumba imekwenda na maji. Akanisimulia pale mlangoni karibu saa nzima, nani kaopolewa, nani bado. Hayo yote niliyapata nikiwa na msuli, mswaki mdomoni. TV yangu haijayasema mpaka leo.