Laptopu ya laki nne na ishirini Insta, dukani laki saba na themanini: nitume hela au naenda kulizwa?

Mwalimu_wa_Ufipa

Wakuu, habari za jioni.

Niko Sumbawanga, nafundisha shule ya msingi. Mdogo wangu wa kike amepata nafasi UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na anatakiwa kuripoti wiki tatu zijazo. Nilimwahidi laptopu tangu yuko kidato cha tano, na ahadi ni deni. Nimejibana nimefikisha laki sita, na hapo hapo itoke gharama ya kusafirisha.

Duka la hapa mjini wana HP EliteBook 840 G5, yaani zile zilizotumika kutoka nje, kwa 780,000. Sasa Insta nimekutana na ukurasa wa Dar wenye wafuasi 94,000, mashine hiyo hiyo, i5, RAM 8, SSD 256, kwa 420,000. Wameandika "ofa ya mwisho wa mwezi, zimebaki 3".

Nimewafuata WhatsApp. Dada anayejibu ana lugha nzuri kuliko wauza duka wote wa huku. Ila wanataka hela yote kwanza, ndipo wapeleke mzigo stendi ya Magufuli upande basi. Nikaomba nilipe nusu, nyingine mzigo ukifika. Akasema wateja wa mikoani hawawafanyii hivyo. Namba ya kutuma hela aliyonipa ni ya simu ya kawaida, nilipojaribu likaja jina la mwanaume. Nilipouliza akasema ni mhasibu wao. Amenitumia na skrinishoti kibao za wateja wakishukuru.

Sijatuma bado. Nipeni mawazo, na kama kuna njia nyingine ya kupata nafuu nielekezeni.

Kijiwe_cha_Mbagala

Mwalimu, usitume. Nimemaliza.

MamaWawili_Iringa

Mwalimu wangu, soma hii taratibu.

Mwaka jana niliagiza mashuka na viatu vya shule vya watoto, jumla 185,000. Ukurasa mzuri, picha nzuri, nikatuma. Jioni nikaletewa picha ya risiti ya basi, jina langu limeandikwa kabisa, na namba ya gari. Asubuhi napigiwa na mtu anasema yeye ni konda, mzigo umezuiwa njiani, nitume 15,000 utolewe. Nikatuma! Yaani nilishaingia kwenye maji, nikaona kiatu kikilowa nacho kilowe. Nilipofika stendi, basi lipo, konda yupo, mzigo haupo, na konda mwenyewe ananishangaa.

Kilichoniuma zaidi ni cha tatu. Nilienda kulalamika kwenye posti ya mtu aliyekuwa anaongelea utapeli. Dakika chache akanifuata kijana inboksi, "pole sana mama, mimi nina mtu wa kampuni ya simu anarudisha hela, ada yake ni 20,000 tu". Huyo sikumpa. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni.

Nilipiga 100, huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, wakaniambia hela imeshatolewa kwa wakala dakika chache baada ya mimi kutuma. Nikatuma neno UTAPELI kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, nikawapa namba ya yule mtu. Polisi nikapewa RB (namba ya taarifa yangu). Hela sijaiona mpaka leo.

Fundi_Kirumba

Pole mama. Hiyo ya "tunarudisha hela" ndiyo imeshamiri sasa, wanawinda watu walioumia.

Mwalimu, badala ya kubishana kama ni tapeli au siye, mpime. Mambo matatu, na hayana gharama.

La kwanza, ingia ukurasa wao, bonyeza vile vidoti vitatu juu, kuna sehemu ya "kuhusu akaunti hii". Inaonyesha akaunti ilifunguliwa lini na imeshabadilisha jina mara ngapi. Wafuasi 94,000 hawana maana yoyote, wananunuliwa, au mtu ananunua akaunti nzima ikiwa na watu wake.

La pili, chukua picha ya ile laptopu uipitishe Google Lens. Kama iko kwenye kurasa kumi za nchi tano, ujue hawana mashine, wana picha.

La tatu ndilo huwamaliza. Mwambie akupigie video. Aiwashe laptopu ukiona, aandike jina lako kwenye skrini, halafu ageuze simu akuonyeshe mlango wa duka na mtaa. Mwenye mzigo hatumii dakika tatu. Asiye nao atakupa hadithi.

Angalia pia kama komenti zimefungwa. Na hizo skrinishoti za shukrani hata mimi naweza kukutengenezea sasa hivi, namba ya simu naihifadhi "Mteja Mbeya", najiandikia "asante dada mzigo umefika".

Muuzaji_KKoo

Naomba na mimi wa upande wa pili nisikike, maana kila uzi wa hivi wauza mtandaoni wote tunaitwa wezi.

Nina fremu Kariakoo, naishi kwa laptopu na simu. Na mimi mteja wa mkoani namwambia alipe yote kwanza. Kwa nini? Nimeshatuma mashine Kigoma mtu akazima simu. Mzigo ukakaa ofisi ya basi wiki nzima, nikalipa kwenda na nikalipa kurudi. Kwa hiyo kulipa kwanza peke yake si dalili ya wizi, mwalimu. Dalili ni hela kwenda kwa "mhasibu". Duka lina lipa namba, ukiweka linakuja jina la biashara kabla hujathibitisha, na jina hilo ndilo linatakiwa lifanane na kibao cha dukani na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Jina likiwa la mtu mwingine, rudi nyuma.

Sasa bei. G5 safi kwa 420,000 hata mimi ninayechukua kwa jumla siipati. Kinachopatikana kwa hela hiyo ni G3. Kwa macho ya mtu wa kawaida zinafanana sana, lakini G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita na G5 nyingi zina ya kizazi cha nane. Windows 11 rasmi inataka kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo hata kama huyo dada si mwizi, kuna uwezekano wa kupokea G3 na kuambiwa "ni ile ile".

Na kingine watu hawakijui: nusu ya kurasa hizo ni mawinga. Hana duka, hana mzigo. Anapiga picha kwenye fremu yangu, anaposti, wewe ukilipa ndipo anakuja kuchukua kwangu na kukuongezea chake juu. Si wizi, ndiyo kazi yake, ila ukitaka nafuu mruke winga.

Kijiwe_cha_Mbagala

Winga wa KKoo kakujibu winga wa Insta 😂

Muuzaji_KKoo

Mimi si winga, nalipa kodi ya fremu.

Pwani_Mpya

Mbona hamzungumzii China? Mimi vitu vyangu vyote naagiza AliExpress, bei ni ya chini na hela haiendi kwa muuzaji moja kwa moja. Wanaishikilia mpaka upokee. Kitu kikija kibovu unafungua madai ndani ya siku 15, unaweka picha na video, unarudishiwa.

Fundi_Kirumba

Kwa vitu vidogo nakuunga mkono, spea zangu za simu nyingi natoa huko. Kwa laptopu ya mtoto anayeripoti wiki tatu zijazo, hapana. Kuna betri ya lithiamu ndani, usafiri wa ndege unakuwa na masharti, ukichanganya na kodi na tozo za forodhani ile nafuu yote inayeyuka. Na ikifika na tatizo la bodi, unairudisha Shenzhen kwa basi gani?

Ila kwa wanaoagiza: muuzaji akikuomba mmalizane nje ya programu, au akisema "funga madai kwanza nitakutumia kingine", kataa. Ukifunga umeachia kamba. Halafu msiweke kadi ya benki yenye mshahara. Tengeneza kadi ya mtandaoni kwenye programu ya pesa za simu, weka kiasi kile kile cha kununulia, basi. Hata namba zikiibiwa watakuta sufuri.

Pwani_Mpya

Hapo sina ubishi. Na punguzo za 11.11 mwangalie vizuri. Mimi nikipenda kitu naweka kwenye kikapu mwezi mzima kabla na kupiga skrinishoti ya bei. Mwaka mmoja spika ya 38,000 ilipanda mpaka 61,000 mwishoni mwa Oktoba, tarehe 11 Novemba "ikashuka" kwa asilimia 35. Piga hesabu mwenyewe uone nilipunguziwa nini.

Jirani_wa_Nairobi

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku kwetu Nairobi wengi hulipa bidhaa ikishaletwa mlangoni, lakini hata hiyo ina mitego yake. Mwenye pikipiki hukuambia lipa kwanza ndio ufungue boksi. Ndugu yangu alilipia simu, ndani akakuta kipande cha sabuni. Siku hizi mimi husema: fungua mbele yangu au urudi nayo.

Na ukikosea kutuma M-Pesa huku, unaupeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba hela irudishwe. Lakini ni lazima uwahi. Ikishatolewa imeenda.

Mwalimu, huna mtu wako Dar es Salaam? Ningekuwa wewe ningemtuma mtu.

Mwalimu_wa_Ufipa

Wakuu, nimerudi. Samahani, nilikuwa nasahihisha mitihani.

Nimefanya yale ya Fundi. Akaunti ilifunguliwa 2019 na imebadilisha jina mara tano. Nikautafuta ukurasa huo kwa Google, majina yake mawili ya zamani yalikuwa ya kurasa za vichekesho. Kumbe wale 94,000 walifuata vichekesho! Picha ya laptopu iko mpaka kwenye tangazo la mtu wa Pakistan.

Nikaomba video. Kwanza akasema kamera ya simu imepasuka. Nikamwambia aazime. Akasema bosi hapendi. Baadaye akaniandikia, nanukuu: "kaka kama hauko siriasi tuachie wateja wengine, ofa inaisha leo saa sita usiku." Nikamwambia haya.

Swali la Jirani ni zuri. Nina binamu Temeke, ni dereva wa bajaji, lakini kompyuta haijui kabisa. Nikimtuma Kariakoo aangalie nini?

Fundi_Kirumba

Asijali, mpe kazi hizi na awe na wewe kwenye simu ya video.

Aende asubuhi, muda wa haraka haraka wa jioni haufai. Aizime laptopu, aiwashe akibonyeza F10 mfululizo. Hiyo inaingia kwenye BIOS ya HP, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila, aiache hapo hapo. Nyingi ya hizi zilikuwa za maofisi ya nje na kufuli zao hazitoki kirahisi. Ikikubali, asome namba ya mfululizo ailinganishe na ya kwenye stika chini. Hapo hapo ataona kama ni G5 kweli na kizazi gani cha prosesa, maana stika ya "i5" mtu anabandika yoyote.

Kisha Windows ikiwaka, aandike kwenye lile dirisha jeusi la Command Prompt: powercfg /batteryreport. Linatoka faili. Atafute uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa chini ya nusu, aombe wabadilishe betri au washushe bei. Hapo ndipo nafuu halali inapopatikana, mwalimu. Ukijua kasoro unaongea bei, usipojua unaongelewa.

Abonyeze kila herufi ya kibodi. Achomeke flashi kila tundu. Afungue kamera.

Muuzaji_KKoo

Nikuongezee: achukue EFD yenye bei halisi, na dukani waandike nyuma ya risiti muda wa waranti kwa mkono na mhuri. Waranti ya mdomo huisha ukivuka barabara. Na asiulize bei kwa mtu aliyesimama nje anayemvuta mkono, aingie ndani kwenye fremu tatu nne kwanza.

MamaWawili_Iringa

Na mzigo aupakie binamu mwenyewe, apige picha risiti ya basi akiwa pale pale ofisini kwao, mwalimu upige namba ya ofisi iliyo kwenye risiti, si namba utakayotumiwa.

Mwalimu_wa_Ufipa

Mrejesho, wakuu.

Binamu alizunguka fremu sita, mimi niko kwenye video naongoza kama refa. Ya kwanza ilikuwa na nywila ya BIOS, mwenye duka akasema "hiyo haina shida". Tukaondoka. Ya nne ndiyo tumechukua, G5, kizazi cha nane. Betri ilikuwa imebaki asilimia 58, walianzia 640,000, tukaonyesha ile ripoti ya betri, wakashuka mpaka 575,000. Lipa namba, jina la duka, EFD, mhuri wa miezi mitatu. Binamu nimempa 10,000 ya mafuta, basi 8,000. Nimebakiwa na 7,000 kwenye laki sita yangu.

Imefika jana. Herufi ya "N" imefutika kidogo, mdogo wangu anasema ataizoea.

Asubuhi hii yule dada wa Insta kaniandikia tena. Ofa imeongezwa mpaka Jumapili. Zimebaki 3.