Homa ya mtoto: ni wakati gani wa kuandika rufaa?

Muuguzi wa zahanati, Chanika
Wenzangu, ninahudumu pembezoni mwa mji, ambako masika yakichachamaa bodaboda hukataa kupita na mgonjwa huchelewa sana kufika hospitali. Jana nililetewa mtoto wa miezi tisa mwenye homa ya nyuzi 39.2. Kipimo cha haraka hakikuonyesha malaria, naye alinyonya vizuri na kuvutavuta kamba ya kitambulisho changu. Nilimruhusu arudi nyumbani, lakini usiku sikulala. Je, joto likifika kiasi gani nimpe rufaa?

Tabibu, Temeke
Dada yangu, kipimajoto peke yake kisikuamulie, isipokuwa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ambaye kwake homa yenyewe inatosha kumpeleka hospitali. Kuanzia miezi miwili hadi miaka mitano, mwongozo wa IMCI, yaani utaratibu wa jumla wa kuhudumia watoto wagonjwa, unatutaka tutafute dalili za hatari: ameshindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege katika ugonjwa huu, au amelegea na haamki. Moja tu kati ya hizo, au shingo iliyokakamaa, ni rufaa ya haraka. Je, ulihesabu pumzi? Mfunue fulana akiwa ametulia mapajani mwa mama, uhesabu dakika nzima. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi zinaashiria nimonia, ambayo bila dalili ya hatari hutibiwa hapo hapo kwa amoksilini.

Muuguzi, Mbagala
Naongezea kuhusu kipimo. Katika utafiti wa mwaka 2008 wa watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, takriban mmoja kati ya kumi tu ndiye aliyekuwa na malaria, huku wengi wakiwa na maambukizi ya njia ya hewa. Kwa hiyo jibu la "hakuna malaria" lisitufanye tufunge faili. Mimi humwomba mama anirudishie dalili za hatari kwa maneno yake mwenyewe kabla hajamfunga mtoto mgongoni, na humsisitizia kwamba akiona mojawapo aje hata usiku. Homa ya kila siku ikipita siku saba, nayo ni rufaa.

Muuguzi wa zahanati, Chanika
Ahsanteni sana. Pumzi sikuzihesabu. Nimempigia mama yake sasa hivi. Anasema mtoto ananyonya, ila ameanza kukohoa. Nimemwomba amlete asubuhi, kabla sijafungua dirisha la dawa.