Tupeane uzoefu: zinki, magnesiamu na madini mengine kwa wenye OCD

Dirisha_la_Dawa

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wafamasia, wauguzi wa afya ya akili, watu wa maabara na wa lishe. Swali linalofika dirishani ni lile lile: mtu ana OCD (ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia asiyoweza kuyazuia), wazo la uchafu au la mlango usiofungwa linamwandama kutwa, ananawa au anahakiki mpaka anachoka, na sasa amesikia madini yanasaidia. Tuweke hapa yale tunayoyajua, kwa vipimo, ili anayetafuta msaada asiishie kumeza ovyo.

Nianze na zinki kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana. Asili ya habari zake ni jaribio dogo la Iran lililochapishwa 2012. Wagonjwa hawakufika 30. Wote walikuwa wanatumia fluoksetini, dawa ya OCD na sonona. Kundi moja likaongezewa zinki salfeti mg 440 kwa siku, lingine kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 8. Waliopewa zinki walipata nafuu zaidi. Tafadhali shikeni neno moja hapo: waliongezewa. Hakuna aliyeachishwa fluoksetini akapewa zinki badala yake.

Kosa la kwanza la watu ni kusahau hilo. La pili ni la hesabu. Mg 440 ni uzito wa chumvi yote, zinki pamoja na salfeti na maji yake. Kapsuli ya zinki salfeti ya mg 220 ina takriban mg 50 za zinki yenyewe. Mbili kwa siku ni mg 100. Mtu mzima anahitaji mg 8 hadi 11 tu kwa siku, na kiwango cha juu kinachokubalika Marekani ni mg 40. Ulaya wameishia mg 25. Kwa hiyo kipimo cha jaribio lile ni zaidi ya mara mbili ya dari hiyo ya Marekani, na kilitolewa chini ya uangalizi wa madaktari kwa muda uliopangwa. Si cha kunakili nyumbani.

Mteja akileta chupa, igeuze usome nyuma. Kama imeandikwa "zinc gluconate 50 mg" bila maelezo mengine, huenda zinki yenyewe ni mg 7 tu, maana glukonati ina zinki kama asilimia 14. Ikiandikwa "zinc (as gluconate) 50 mg", hapo ni zinki mg 50 kamili. Mabano hayo ndiyo yanayotofautisha kipimo kidogo na kikubwa, na watu wengi hawayaoni.

Wengine wananunua vile vidonge vya zinki vya watoto wanaoharisha, vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji. Kimoja ni mg 20 za zinki yenyewe, na vimepangwa kwa siku 10 hadi 14. Mtu mzima anayemeza vitatu kila siku kwa miezi amevuka dari bila kujua.

Sista_Wodini

Asante mkuu kwa kufungua mada. Mimi naongezea upande wa tiba yenyewe, kwa sababu wengi wanaokimbilia madini wanasema "dawa imeshindwa", na ukichunguza unakuta dawa haijapewa nafasi.

Fluoksetini kwa OCD haiendi kama kwa sonona. Mtu anaanza na mg 20, lakini wengi huhitaji 40 hadi 60, na daktari anaweza kufika 80. Setralini, dawa nyingine ya kundi hilo, inaweza kupanda hadi mg 200. Na muda ni wiki 8 hadi 12, kadhaa kati ya hizo zikiwa kwenye kipimo cha kutosha. Aliyekaa mg 20 kwa wiki nne akaacha, huyo hajashindwa na dawa. Arudi kwa daktari wake kabla ya kwenda dukani. Na asiikate ghafla: kizunguzungu, kukosa usingizi na hofu vinaweza kumjia kwa kishindo, kisha atadhani ni ukosefu wa madini.

Kabla ya kuongeza chochote, pima. Kuna dodoso la kupima ukali wa OCD, Y-BOCS, lenye maswali 10, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 40. Matano ni ya mawazo, matano ni ya matendo: yanachukua saa ngapi kwa siku, yanakwamisha kazi kiasi gani, yanaumiza kiasi gani, unayapinga kiasi gani, unayatawala kiasi gani. Alama 8 hadi 15 ni hali nyepesi, 16 hadi 23 ya kati, 24 hadi 31 kali, 32 kwenda juu kali mno. Andika tarehe na alama kwenye daftari, rudia kila baada ya wiki 4. Tiba huhesabiwa imeshika alama zikishuka kwa theluthi moja hivi au zaidi. Kutoka 26 hadi 24 ni kupanda na kushuka kwa kawaida, usikipe kidonge sifa isiyo yake.

Na usibadilishe vitu viwili pamoja. Daktari akipandisha dawa wiki hii na wewe ukaanza magnesiamu wiki hii hii, hamtajua kilichofanya kazi.

Sasa jambo linaloniuma zaidi, maana halisemwi. Kwa mwenye OCD, vidonge vya madini vinaweza kugeuka kuwa sehemu ya ugonjwa. Anavipanga kwa mstari, anavihesabu mara saba, anameza saa 2:00 kamili na ikipita dakika moja siku imeharibika, anasoma lebo usiku kucha akihofia kajiwekea sumu. Ukiona hivyo, kidonge hicho kimeongeza mzigo, hata kama kina zinki safi. Familia nayo isiingie mtegoni kwa kumhakikishia kila saa kwamba kipimo ni sahihi. Mjibu mara moja, basi.

Tiba yenye nguvu pamoja na dawa ni mazoezi ya kukabili hofu bila kufanya tendo lake. Anayeogopa kitasa cha choo anakishika kwa kiganja chote, anaipa hofu yake alama 0 hadi 10, halafu hanawi. Hata hofu ikiwa 8, anakaa nayo mpaka ishuke yenyewe. Siku za mwanzo inaweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima, na kazi ni kurudia kila siku, kuanzia kitu chepesi kwenda kizito. Kosa la kawaida ni kunawa kwa siri baadaye, au kujipangusa na kitambaa: zoezi zima linafutika.

Kwa ndugu zetu wenye waswasi wa udhu, kaa na mgonjwa na sheikh anayemwamini mkubaliane kabla: kopo moja la maji la lita moja, kila kiungo kisizidi mara tatu, maji yakiisha udhu umeisha, hakuna kurudia hata moyo ukisema haukushika. Neno la sheikh hapo hufungua mlango ambao sisi wa kliniki hatuwezi kuufungua peke yetu.

Mirija_na_Damu

Upande wa maabara, wakuu. Mtu asiagize kipimo cha zinki kama anavyoagiza cha malaria. Damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kula, kwenye mrija maalumu usio na mabaki ya madini, kwa sababu kizibo cha mpira cha mrija wa kawaida kinaweza kuachia zinki na kupandisha jibu. Seli zikipasuka, jibu pia linapanda. Mtu akiwa na homa au uvimbe mwilini, zinki ya damu inashuka hata kama akiba yake ni nzuri. Jibu moja la chini kwa mgonjwa mwenye mafua halitoshi kumwandikia vidonge.

Magnesiamu ndiyo inayodanganya zaidi: chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili iko kwenye damu tunayoipima. Nyingine iko mifupani na ndani ya seli.

Madini ya chuma, kipimo ni feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya mikrogramu 15 kwa lita akiba imeisha. Lakini feritini inapanda mtu akiwa na maambukizi, kwa hiyo mwombe daktari aagize na CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) pamoja, la sivyo aliyeishiwa chuma anaweza kuonekana yuko sawa. Kumeza chuma bila kipimo ni kosa. Na pakiti ifungiwe juu: vidonge vya chuma vimeua watoto waliodhani ni pipi.

Anayetumia zinki nyingi kwa miezi, kitu cha kufuatilia ni madini ya shaba na picha kamili ya damu. Zinki inaufanya utumbo utengeneze protini inayoikamata shaba, na shaba hiyo inatoka na choo. Matokeo yake ni upungufu wa damu usiokubali vidonge vya chuma, chembe nyeupe kushuka, halafu ganzi nyayoni na kuyumba wakati wa kutembea. Damu hurudi vizuri zinki ikisimamishwa na shaba kurudishwa. Mishipa ya fahamu haitabiriki, mingine hairudi kamili.

Lishe_Bora_Pwani

Kabla ya chupa, chungu. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina zinki kama mg 5 hadi 6. Korosho zinakaribia hapo hapo kwa uzito huo huo, mbegu za maboga zinazidi kidogo, na chaza wanashinda wote. Kiganja cha mbegu za maboga, gramu 28 hivi, kina magnesiamu kama mg 150, na korosho kiasi hicho kama mg 75.

Tatizo la mezani kwetu ni fitati za dona na maharage, zinazoifunga zinki na chuma. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Uji uchachushe, au tumia kimea cha ulezi. Chai isogezwe saa moja mbali na chakula, maana inazuia chuma. Hii haitatibu OCD, lakini inamwondolea mtu upungufu halisi bila hatari ya kuzidisha.

Mgeni_Nairobi

Habari zenu. Naomba kuuliza: magnesiamu, seleniamu, na ile lithiamu inayouzwa mtandaoni?

Dirisha_la_Dawa

Karibu sana. Magnesiamu kwa OCD haina ushahidi wa kusimamia. Ukihitaji kwa sababu nyingine, dari ya vidonge ni mg 350 kwa siku. Magnesiamu oksidi haifyonzwi vizuri na inaharisha. Mwenye figo dhaifu asiguse bila daktari. Ila anayetumia omeprazo, dawa ya asidi ya tumbo, kwa muda mrefu apimwe magnesiamu, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuishusha, na akiwa pia kwenye sitalopramu au klomipramini (nazo hutumika kwa OCD) mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Seleniamu ilijaribiwa Iran kwa mikrogramu 200 kwa siku, nayo kama nyongeza. Ukizidisha, nywele zinanyonyoka, kucha zinavunjika, pumzi inanuka kitunguu saumu. Lithiamu ni dawa inayohitaji kupimwa kwenye damu. Usiinunue mtandaoni, na haijathibitika kusaidia OCD.

Migongano: zinki, magnesiamu na chuma huzifunga antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini tumboni, dawa haiingii mwilini. Meza dawa kwanza, madini saa kadhaa baadaye. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, ameze dawa yake saa 2 kabla ya madini haya au saa 6 baada yake.

Na zinki imezwe na chakula, tumbo tupu linachefua. Anayesikia ganzi nyayoni aisimamishe siku hiyo hiyo, aende kliniki na chupa yenyewe mkononi ili daktari asome yale mabano.