Naomba ushauri: nyanya zinanyauka zikiwa bado mbichi, Bagamoyo

Wakuu, habari za kazi. Huu ni msimu wangu wa kwanza, nina nusu eka ya nyanya na bamia huku Kiromo. Bamia ziko vizuri. Nyanya ndizo zinaninyima usingizi: mche unalala ghafla mchana, majani yakiwa ya kijani na udongo una unyevu. Nilikata shina nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, likatoa uzi mweupe kama maziwa. Bwana shamba anasema ni mnyauko bakteria, hauna dawa. Iliyougua nimeing'oa na kuichoma. Je, iliyobaki niendelee kuimwagilia kwa mifereji, au maji ndiyo yanausambaza? Na msimu ujao nipande mahindi hapo, maana bilinganya na pilipili nazo hushikwa? Mwenye uzoefu na ardhi ya huku Pwani anisaidie tafadhali, akiba yangu yote iko humu.