Mrejesho: maandishi ya stika kwenye Probox yangu

Jamani, shukrani. Mimi ndiye niliyeuliza vipi nitaondoa maandishi yaliyobaki milangoni mwa gari langu, Toyota Probox ya buluu, baada ya kubandua stika za duka la mwenyewe wa kwanza.

Gundi ilitoka siku hiyo hiyo: mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, kisha maji ya sabuni. Lakini neno VIUNGO likabaki, lasomeka kutoka ng'ambo ya barabara! Aliyeniambia si uchafu alisema kweli. Rangi iliyofunikwa na stika haikupigwa jua, ya pembeni ndiyo iliyopauka, na jua la Mombasa mwalijua. Kwa hivyo kinachosuguliwa ni kule kulikopauka, si herufi.

Kijana wa kuosha magari alitaka kupaka thina, ile ya kuyeyushia rangi, nikamkatalia. Fundi wa Changamwe akapitisha kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) kwa mashine, polepole bati lisipate moto, halafu polishi na nta. Mlango wa kushoto safi kabisa. Wa kulia, jua la asubuhi likiupiga kwa upande, herufi bado zachungulia. Fundi asema akizidi kusugua atamaliza vanishi ya juu. Nikamwambia basi, aache.